Marisol Hadaiwi

Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 37, mwimbaji na mwigizaji wa Hispania Josefa Flores González, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Marisol na wa karibu naye kwa jina la Pepa, alimaliza kazi katika filamu iitwayo Caso cerrado, na baada ya hapo akaiacha sanaa. Hakufanya onyesho la kuaga. Hakuitisha waandishi wa habari. Baadaye alitulia Málaga, mji alikozaliwa tarehe 4 Februari 1948, akaishi maisha ya raia asiye na jambo la kutangaza. Imepita miongo kadhaa, na Hispania bado inamdai. Kila baada ya muda hutokea kitabu, kipindi cha runinga au makala ya gazeti ikiuliza kwa nini aliondoka, na swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekopesha kitu chake akachoka kungoja. Hoja yangu ni kwamba deni hilo halijawahi kuwapo, na kwamba wanaolidai, wawe wale wanaoikumbuka Hispania ya Jenerali Franco kwa mapenzi au wale walioichukia, wanakosea kwa namna moja: wote wanaamini yule mtoto alikuwa mali ya taifa. Lakini upande wa pili wa mjadala huu una watu wenye akili zao timamu. Nitawapa nafasi waseme mmoja baada ya mwingine, na wala sitawalainishia maneno.

Wa kwanza kuinua mkono ni mpenzi wa filamu za zamani. “Ndugu mwandishi,” anasema, “wewe unazungumza habari za deni kama hakimu wa mahakama ya mwanzo, mimi nazungumza habari za mapenzi. Wazazi wetu walipanga foleni kumwona. Mabinti walinunuliwa wanasesere wenye sura yake. Nyimbo zake zimeimbwa harusini na kwenye sherehe za shule mpaka wajukuu wanazijua. Msanii akishapendwa kiasi hicho hawezi kujifungia ndani kama jirani aliyegombana na mtaa. Hatumwombi aimbe. Tunamwomba atokee, atupungie mkono, basi.”

Mapenzi hayo ni ya kweli, na anayeyasema si mtu wa kudharauliwa. Ila tuangalie huyo aliyependwa alifikaje jukwaani. Familia ya Flores iliishi Málaga katika nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, kila familia na chumba chake, kama walivyoishi maskini wengi wa mji ule baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Binti aliimba na kucheza flamenko tangu akiwa mdogo, akaingia katika kikundi cha kwaya na ngoma cha Sección Femenina, tawi la wanawake la chama cha Falange. Mwaka 1959 kikundi hicho kilikwenda Madrid, kikaonyeshwa kwenye runinga ya taifa, na mtayarishaji wa filamu Manuel Goyanes akamtambua. Alikuwa na miaka 11. Akahamishiwa Madrid, akaishi nyumbani kwa mtayarishaji wake, akapewa jina jipya, nywele zake zikatiwa rangi ya dhahabu, na mwaka uliofuata filamu ya Un rayo de luz ya mwongozaji Luis Lucia ikampatia tuzo ya mwigizaji mtoto katika tamasha la Venice. Zikafuata Ha llegado un ángel mwaka 1961 na Tómbola mwaka 1962. Katika mlolongo huo wote, ni uamuzi upi mkubwa ambao ulikuwa wa kwake? Mtu hudaiwa kwa kile alichokubali, na mtoto wa miaka 11 hukubaliwa na wengine kwa niaba yake.

Mpenzi wa filamu atajibu kwamba watoto hukua, na kwamba Marisol wa miaka 20 hakuwa mtoto tena. Hapa inafaa tufungue sheria za Hispania ya wakati ule, maana wasifu wake haueleweki bila hizo. Mtu alihesabiwa kuwa mtu mzima akifika miaka 21. Yeye alitimiza umri huo Februari 1969, na tarehe 16 Mei mwaka huohuo akaolewa na Carlos Goyanes, mwana wa mtayarishaji wake. Mwanamke aliyeolewa, kwa mujibu wa sheria hizo, alihitaji idhini ya mumewe ili atie saini mkataba au aajiriwe, na idhini hiyo haikufutwa mpaka Mei 1975, miezi michache kabla ya kifo cha Franco. Wawili hao walitengana mwaka 1972, lakini talaka yenyewe haikuwapo Hispania mpaka sheria ya mwaka 1981. Ukipanga tarehe hizi mezani utaona kwamba kati ya mamlaka ya wazazi na mtayarishaji na mamlaka ya mume, yule mwanamke aliyekuwa sura inayojulikana kuliko nyingi nchini alikuwa na miezi mitatu tu ambayo sheria ilimtambua kuwa mtu mzima anayejitilia saini mwenyewe. Filamu zote zilizompa jina, kuanzia Un rayo de luz hadi Solos los dos ya mwaka 1968 aliyoigiza na mpiganaji wa ng’ombe Palomo Linares, zilitengenezwa kabla ya miezi hiyo. Anayetaka kumwambia kwamba aliahidi kitu, aonyeshe tarehe ya ahadi.

Sasa anasimama mtu wa hesabu. Huyu hana machozi. “Tuseme yote uliyosema ni sahihi,” anaanza. “Bila Goyanes huyo binti angekuwa nani? Angebaki uani Málaga, angefua nguo, angeolewa na kibarua, na sauti yake ingesikika na majirani tu. Mtayarishaji alihatarisha mtaji wake. Alimtafutia walimu, waandishi wa nyimbo, waongozaji. Alimfikisha Amerika ya Kusini na Japani. Mtoto alifanya kazi, ndiyo, lakini katika Hispania ya mwaka 1959 watoto wa maskini walifanya kazi mashambani bila kamera na bila chakula cha kutosha. Ukimwita mnyonyaji mtu aliyemtoa kwenye umaskini, utamwitaje aliyewaacha wenzake humohumo?”

Mtu wa hesabu ana haki ya kusikilizwa kwa sababu nusu ya hesabu zake ni sahihi. Goyanes hakuwa mchuuzi wa mitaani. Huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya Muerte de un ciclista ya Juan Antonio Bardem mwaka 1955, mojawapo ya filamu kali zilizowahi kupenya kwenye udhibiti wa Franco, na alijua ubora ni nini. Mtunzi Augusto Algueró aliyempa Marisol nyimbo alikuwa fundi kweli; wimbo wa Estando contigo ulioimbwa katika Ha llegado un ángel ndio huohuo Hispania ilioupeleka Eurovision mwaka 1961, kwa mwimbaji mwingine. Na kipaji cha mtoto kilikuwa kikubwa kuliko mitambo yote iliyomzunguka. Ukitazama filamu zile leo, hadithi zimechakaa, mapambo yamepauka, lakini mara tu anapoanza kucheza miguu yake inajua jambo ambalo mwandishi wa hadithi hakulijua. Hii flamenko hakufundishwa Madrid. Aliingia nayo, na hapo ndipo hesabu za huyu bwana zinapoanza kukosa: anaandika kipaji upande wa mapato ya mtayarishaji, kana kwamba ni yeye aliyekitoa mfukoni.

Tena, faida ya biashara hiyo haikuwa ya fedha tu. Hispania ilikuwa imeanza mwaka 1959 mpango wa kuufungua uchumi wake, na ilihitaji kujionyesha upya. Watalii milioni 6 hivi waliingia mwaka 1960. Kufikia mwaka 1970 walikuwa kiasi cha milioni 24, wengi wao wakielekea pwani, ikiwamo ile ya kusini ambako Málaga iko. Serikali iliyokuwa ikijulikana duniani kwa magereza ilipata msichana mwenye nywele za dhahabu, anayecheka, anayetoka kwenye jua. Angalia pia filamu zinasimulia nini. Katika Un rayo de luz, mjukuu anapelekwa kwa babu mkali mwenye cheo na mali, na anamlainisha. Katika Ha llegado un ángel, yatima anaingia kwenye nyumba ya mjomba iliyojaa ugomvi na uvivu, na anaitengeneza. Mara kwa mara mtoto ndiye anayebeba mzigo wa watu wazima, anawapatanisha, anawafuta machozi, kisha anaimba. Hadithi hiyo ilipendwa na nchi ambayo watu wake wazima walikuwa wameuana miaka 20 tu kabla na hawakuruhusiwa kulizungumza jambo hilo. Ni kazi kubwa mno kumpa mtu wa miaka 12. Kusema kwamba alilipwa kwa kazi hiyo hakumaanishi kwamba aendelee kuifanya akiwa na miaka 70.

“Afadhali umelitaja hilo,” anadakia wa tatu, mtu wa mrengo wa kushoto ambaye ujana wake ulipita akipinga udikteta. “Mimi simdai upendo. Namdai maelezo. Alikuwa pambo la utawala. Alikaribishwa kwenye kasri la El Pardo akacheza na wajukuu wa Franco huku wenzetu wakiwa kifungoni. Baadaye akavaa nguo nyingine, akawa mkomunisti, akafunga ndoa Cuba mbele ya Fidel Castro. Kisha akanyamaza. Kunyamaza huko kunamfaa sana mtu ambaye hataki kuulizwa alikuwa wapi.”

Kwamba utawala ulimtumia, nimekwisha kusema. Ila neno “alikuwa wapi” lina jibu jepesi: alikuwa mahali walipomweka, akiwa na umri ambao mtoto mwingine angekuwa shule ya msingi. Hakuna mahakama ya mapinduzi yenye heshima itakayomwita mtoto kujieleza kwa sherehe za Krismasi za ikulu. Ninachotaka kumwuliza mzungumzaji huyu ni kuhusu mwaka 1976, maana upande wake ndio uliokuwa ukiingia sokoni wakati huo. Franco alikuwa amefariki Novemba 1975. Mei 1976 lilianzishwa jarida la Interviú, lililochanganya uchunguzi wa kisiasa na picha za wanawake uchi, na lililojinadi kwa hayo yote mawili kuwa ni uhuru. Mwanzoni mwa Septemba jalada lake lilimwonyesha Marisol bila nguo. Nakala zaidi ya milioni moja zikauzwa. Picha zilipigwa na César Lucas mwaka 1970, miaka 6 kabla, na hazikupigwa kwa ajili ya jarida hilo, ambalo halikuwapo bado. Mpiga picha alifikishwa mahakamani kwa kosa la kuchafua maadili ya umma, akaachiliwa, na kuachiliwa kwake kukasherehekewa kama ushindi wa demokrasia.

Jalada lile limeandikwa katika vitabu vya historia kama tukio la kipindi cha mpito. Wanazuoni hulitaja katika aya moja na kuhalalishwa kwa Chama cha Kikomunisti, jambo lililofanyika Aprili 1977. Husemwa kwamba siku ile Hispania ilikua. Kwangu mimi jalada hilo ni ushahidi wa jambo tofauti kabisa: nchi ilibadilisha utawala, na mazoea ya kumtumia Marisol yakabaki palepale. Utawala wa kwanza ulimvisha ili aonekane Hispania ni safi. Soko la pili likamvua ili ionekane Hispania ni huru. Mara zote mbili ujumbe ulikuwa wa wengine, na mwili ulikuwa wake. Mtu wa mrengo wa kushoto anakumbuka sana El Pardo; ningependa akumbuke pia kwamba alinunua lile jarida. (Na akisema alilinunua kwa ajili ya makala za siasa, basi ana wenzake milioni moja wenye udhuru huohuo.)

Wa nne hajazungumza mpaka sasa, na ndiye ninayemwogopa zaidi. Ni mwanamke, msomi wa historia ya wanawake, na amekuwa akiandika kila nilichosema. “Unamtetea vizuri,” anasema, “lakini utetezi wako unamdhalilisha. Kwako wewe ni jani linalopeperushwa: mtayarishaji, mume, serikali, jarida. Je, Antonio Gades, mume wake wa pili, naye alimpeperusha? Mwanamke huyu alichagua siasa. Alichagua waongozaji. Alizaa mabinti watatu na akajenga nyumba na mwanamume ambaye, kama wengi wa kizazi chake, aliizunguka dunia na kundi lake la ngoma huku mke akipanga maisha kulingana na safari hizo. Ama alikuwa huru akakosea na kupatia kama sote, ama alikuwa mateka hadi mwisho. Huwezi kumfanya mateka pale inapokufaa na huru pale anapoondoka.”

Pigo hili ni zuri, na nalikubali kwa sehemu. Aliyesema Marisol alikuwa mhanga moja kwa moja kuanzia 1959 hadi 1985 anamnyang’anya miaka bora ya kazi yake. Baada ya kutengana na mume wa kwanza alifanya mambo ambayo hayana alama za mkono wa Goyanes. Bardem, ambaye alikuwa mkomunisti na aliwahi kukamatwa na polisi wa Franco mwaka 1956, alimwongoza katika La corrupción de Chris Miller mwaka 1973, akiigiza na Jean Seberg, na katika El poder del deseo mwaka 1975. Filamu hizo si nzuri sana, na Bardem mwenyewe alikuwa na nzuri zaidi, lakini zilikuwa juhudi za wazi za kuiua sura ya msichana mtamu. Mwaka 1976 ilitoka albamu yake Háblame del mar, marinero, ambayo sauti yake ni ya mwanamke mzima aliyeacha kupendeza kwa lazima. Na Gades hakuwa mwanamume wa kumtafutia mke usalama kwa watawala: mwaka 1975, Franco alipowaua wapinzani watano miezi miwili kabla ya kufa kwake, Gades alilivunja kundi lake la ngoma kwa kupinga. Pepa Flores aliingia katika maisha hayo akijua anachofanya. Siasa zake zilikuwa zake.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni Los días del pasado ya Mario Camus, iliyoonyeshwa mwaka 1978. Anaigiza mwalimu wa shule kutoka kusini anayekubali kazi katika kijiji cha milimani, kaskazini kwenye baridi, miaka michache baada ya vita, kwa sababu mpenzi wake yuko msituni na wapiganaji ambao bado hawajasalimu amri. Gades ndiye mpiganaji huyo. Kwa sehemu kubwa ya filamu hakuna kinachotokea ila kungoja: watoto wa shule, matope, askari wa Guardia Civil, habari zinazofika nusu. Mwigizaji aliyefundishwa tangu miaka 11 kujaza kila fremu kwa tabasamu anaibeba filamu nzima kwa kutoonyesha. Tamasha la Karlovy Vary lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo. Hispania haikuitazama kwa wingi, na hapo kuna jambo la kujifunza kuhusu wadai wetu: siku ambayo msanii alifanya kazi aliyoichagua mwenyewe, na akaifanya kwa ubora ambao wageni waliutunukia, hadhira iliyodai kumpenda haikupanga foleni. Ilikuwa ikimtaka yule mwingine.

Kwa hiyo namjibu msomi hivi: sisemi alikuwa mateka halafu akawa huru siku ya kuondoka. Uhuru wake ulianza mapema, ukaenda kwa kusuasua, ukapitia makosa yake mwenyewe, na kuondoka ni mojawapo ya matendo ya uhuru huo, sawa na kuigiza kwa Camus au kufunga ndoa Havana mwaka 1982 baada ya sheria ya talaka kupatikana. Kama Gades alikuwa mume mgumu, na ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1986, hilo halibatilishi hoja. Mtu huru huchagua pia yanayomshinda. Ninachokataa ni tabia ya kuyahesabu matendo yote ya mwanamke huyu kuwa uamuzi, isipokuwa lile moja la kukaa kimya, ambalo huitwa jeraha, ugonjwa, fumbo. Mbona hatuwaulizi wengine? Pablito Calvo, mtoto wa Marcelino pan y vino ya mwaka 1955, aliacha sinema akiwa kijana, akasomea uhandisi, na Hispania ikamwacha afanye kazi yake hadi kifo chake mwaka 2000. Shirley Temple, ambaye Marisol alifananishwa naye mara nyingi, aliacha kuigiza filamu akiwa na miaka 22, baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Ghana, na hakuna aliyemwambia kwamba amewatoroka watazamaji. Deanna Durbin aliondoka Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, akaishi karibu na Paris hadi alipofariki mwaka 2013. Huyu naye alifuatwafuatwa na swali lilelile la kwa nini, na huyu naye alikuwa mwimbaji aliyeuzwa kama utamu wa taifa. Nashuku anayefuatwa si yule aliyeacha kazi. Ni yule aliyeacha kazi bila kutoa sababu inayowapa wengine nafuu.

“Bado hujanijibu swali la ushahidi,” anaendelea msomi, naye ana haki ya kusisitiza. “Biashara ya watoto wasanii haijaisha. Kama kuna mtu angeweza kutueleza jinsi inavyofanya kazi kutoka ndani, ni yeye. Kimya chake kinawalinda waliomfanyia mabaya.” Lakini alieleza. Katika miaka ya mwisho ya 1970 alizungumza hadharani na kwa uchungu kuhusu utoto wake, akiuonyesha kuwa ulikuwa miaka ya kazi na maumivu. Maneno hayo yalichapishwa, yalisomwa, yalizua gumzo kwa muda, na kisha runinga ikaendelea kurudia filamu za mtoto kila likizo. Ushahidi ulikwisha kutolewa. Kilichokosekana ni jaji. Kumtaka shahidi aliyepuuzwa arudi kizimbani kila baada ya miaka 10, tena mbele ya kamera, ni kuyageuza maumivu yake kuwa onyesho jipya, na onyesho hilo litakuwa na wadhamini.

Kuna sauti ndogo nyuma ya ukumbi inayotaja Rocío Dúrcal na Ana Belén. Wote walianza katika wimbi lilelile la wasichana waimbaji wa sinema, Dúrcal kwa Canción de juventud mwaka 1962, Ana Belén kwa Zampo y yo miaka michache baadaye, na hawakuacha. Dúrcal alihamia kwenye nyimbo za Meksiko akawa mkubwa kuliko alivyokuwa nyumbani. Ana Belén aliendelea na jukwaa, filamu na siasa za kushoto bila kujificha. Je, hawa hawaonyeshi kwamba njia ilikuwapo? Ilikuwapo, kwao. Hawakuanza wakiwa na miaka 11 nyumbani kwa mwajiri. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Anayebaki ni mwakilishi wa taasisi, mtu mpole, na hoja yake ni ya karibuni. Januari 2020 Chuo cha Sinema cha Hispania kilimpa tuzo ya heshima ya Goya, na sherehe ikafanyika Málaga, mji anaoishi. “Tulimfuata mpaka mlangoni,” anasema. “Ukumbi mzima ulisimama. Hakuja. Akawatuma mabinti zake watatu. Kama hataki chochote nasi, angeikataa tuzo. Akiipokea, adabu inamtaka aje.” Hapa nadhani taasisi inachanganya tuzo na mwaliko. Tuzo ilitolewa kwa kazi iliyokwisha kufanywa, na kazi hiyo inaweza kupokelewa na yeyote anayeihusu. María Esteve ni mwigizaji, Celia Flores ni mwimbaji na huziimba nyimbo za mama yake jukwaani, Tamara ni binti yake kama wao. Mama alikubali kazi yake itambuliwe na hakukubali mwili wake utazamwe. Mtu aliyepitia 1960 na 1976 ana sababu ya kuweka mpaka hapo hasa. Adabu haikuvunjwa, ilionyeshwa kwa tafsiri ambayo taasisi haikuizoea.

Kabla sijaketi, mpenzi wa filamu ananirudia. Anataka kujua kama makala haya yenyewe si udadisi uleule kwa maneno mazuri, na kama filamu ya hali halisi Marisol, llámame Pepa iliyotoka mwaka 2024, iliyomzungumzia bila yeye kutokea, nayo ni dhambi. Swali ni la haki. Nadhani mstari uko hapa: santuri, filamu, mikataba, sheria, majarida na sherehe ni mambo ya hadhara, na yanaweza kuchambuliwa hata kwa ukali. Alivyoamka leo asubuhi Málaga si jambo la hadhara. Wachambuzi walitumia miaka mingi mno wakipiga kambi kwenye jambo la pili hadi wakaliacha la kwanza karibu tupu. Bado hakuna makubaliano kuhusu mambo ya msingi: kama Cabriola ya mwaka 1965, iliyoongozwa na Mel Ferrer, ambamo Marisol ni msichana anayevaa kama mvulana na kupenda farasi, ilikuwa mwanya wa kwanza katika sura ya binti mtamu au ilikuwa tamthilia nyingine ya kuuza tiketi, au kwa nini aliyeimba kwa sauti ya kung’aa akiwa mtoto aliichagua rejista ya chini alipokuwa na uwezo wa kuchagua. Mwaka 1984, katika mfululizo wa runinga ya taifa, aliigiza Mariana Pineda, mwanamke wa Granada aliyenyongwa mwaka 1831 kwa ajili ya bendera ya waliotaka uhuru, na ambaye alikataa kuwataja wenzake kwa watesi wake. Uigizaji huo, ambao ni wa mwisho mkubwa katika kazi yake, unastahili kuandikiwa kurasa nyingi kuliko zilizoandikwa kuhusu pazia la nyumba yake. Mwenye kuupenda mradi huo ana vyote anavyohitaji kwenye kanda zilizopo, na hahitaji kubisha hodi.